Zawadi ya Mwanza itoke Mwanza

Ingia kwenye maduka ya zawadi hapa mjini Mwanza uangalie rafu. Utakuta vinyago vya Kimakonde, kazi ya watu wa kusini kabisa mwa nchi. Utakuta shanga za Kimasai, na picha za Tingatinga, mtindo uliozaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Utakuta twiga, tembo na Mlima Kilimanjaro kwenye kila kikombe. Ni vitu vizuri, na mikono iliyovitengeneza naiheshimu. Ila mgeni aliyelala kwetu, akala sato, akavuka kwenda kisiwa cha Saanane, akapiga picha ya Jiwe la Bismarck jua likizama, anarudi kwao na Kilimanjaro mkobani. Ziwa lenyewe, kilomita za mraba 68,800 za maji baridi, halimo dukani.

Jambo hili limeniuma muda mrefu. Kwa hiyo kikundi kimoja cha urithi cha huku ufukweni kiliponiita na kuniambia kinataka kufungua duka dogo kando ya chumba chake cha maonyesho, nilikubali kabla ya kuuliza malipo. Wameniomba nisiwataje jina mpaka duka lifunguliwe, na ombi hilo nalishika. Mimi ni mtu wa grafiki. Kazi inayonilisha ni kadi za harusi, kalenda, mabango ya mikutano ya injili na lebo za asali. Hii ni kazi niliyokuwa naisubiri tangu nijifunze kushika kipanya.

Walikuwa na orodha tayari: fulana, kepu, vikombe, viholda vya funguo, vyote vikiwa na nembo yao. Orodha hiyo unaweza kuipeleka benki, chama cha msingi au timu ya mpira, na kitu pekee kitakachobadilika ni nembo. Niliiweka pembeni, nikaomba kitabu cha wageni.

Kitabu cha wageni kinasema mengi kwa anayekisoma kwa utulivu. Kurasa nyingi za pale zimejaa majina ya shule: walimu wawili watatu na msururu wa wanafunzi kutoka Magu, Misungwi, Sengerema, Kwimba. Jumapili zina familia zilizotoka ibadani. Kuna wanachuo wa SAUT kutoka Nyegezi. Wageni wa nje wapo, na wakinunua wananunua kwa mkupuo, lakini wanakuja kwa msimu na ni wachache. Sasa fikiria mwanafunzi wa darasa la tano. Mama yake amempa shilingi elfu moja asubuhi ya safari, na hiyo elfu moja ina kazi ya soda na mandazi. Akiingia dukani akakuta kitu cha bei ya chini kabisa ni shilingi elfu kumi na tano, tumekwisha kumwambia kwamba urithi huu ni wa watu wengine. Ndiyo maana niliwaambia wenye kikundi kuwa mteja wetu wa kwanza ni huyu mtoto. Mzungu atakuta kitu cha kununua vyovyote iwavyo.

Kuna mzee mmoja kwenye kamati alitikisa kichwa. Akasema, "Mwanangu, elfu moja ya mtoto italipa umeme wa duka?" Swali la haki. Nilimjibu kwa kumkumbusha Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora, Kisesa. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa pale mwaka 1968, kazi ya Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Kila Juni, kuanzia sikukuu ya Ekaristi, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinakutana kushindana, na uwanja unafurika. Waliofurika ni watu wa hapa hapa, wamekuja na watoto, wamekuja na bibi, na wote wana fedha kidogo kidogo mfukoni. Mzee amecheza ngoma ya Bugobogobo tangu ujana wake, anaijua hesabu ya uwanja uliojaa. Hakubisha tena.

Baada ya hapo nikaomba jambo ambalo wabunifu wenzangu wengi hulikwepa kwa sababu linachelewesha kazi: kukaa na wazee na kuuliza nini kisiuzwe.

Tulikaa chini ya mwembe, nyuma ya chumba cha maonyesho. Nilikuwa nimebeba michoro yangu ya mwanzo kwenye karatasi za A3, nikaitandaza mkekani. Walikuwepo mababu wanne na bibi mmoja mfinyanzi ambaye kila mtu anamsikiliza. Nikawaamkia, wakaitikia, kisha wakaanza kupitisha karatasi mkono kwa mkono bila haraka. Babu mmoja aliinua mchoro wa ngoma.

"Mjukuu wangu, hii umeiona wapi?"

"Kwenye picha ya zamani, babu."

"Hii ni ya utemi. Ngoma ya mchezo chora, chapa, uza hata elfu. Hii iache."

Utemi, utawala wa machifu wa jadi, ulifutwa kisheria mwaka 1963, na wapo watakaosema basi ngoma yake ni ubao na ngozi tu. Sikubaliani nao. Kama wenyewe bado wanaiheshimu, mimi sina haki ya kuitundika kwenye holda ya funguo. Bibi naye alitoa mchoro wa chombo cha matambiko ya mapacha, akaukunja mara mbili, akaniwekea mkononi bila neno. Nilielewa. Vitu vya uganga navyo vikaondoka vyote, pamoja na mchoro wa kibuyu kilichozungushiwa simbi, ambao kwa kweli ulikuwa umependeza.

Vingine viliondolewa na sheria. Mwanakamati kijana alipendekeza tuuze miiba ya nungunungu, kwa kuwa Wasukuma wana chama maarufu cha ngoma kilichotokana na wawindaji wa nungunungu. Wazo lina mantiki, na miiba inavutia. Lakini miiba, manyoya ya mbuni, ngozi ya chatu, vyote hivyo ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mgeni akikamatwa navyo uwanja wa ndege, hatakumbuka uzuri wa ngoma tena. Duka la urithi haliwezi kumuuzia mtu kesi.

Na vile vilivyobaki, kila nakala ya kitu kilichomo chumba cha maonyesho itapigwa muhuri unaosema ni nakala, muhuri usiofutika. Hilo sikulitunga mimi. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, zinataka nakala zote ziwekewe alama ya kudumu. Sababu yake inaeleweka haraka ukiwa Kanda ya Ziwa: leo unauza kigoda kipya kizuri, baada ya miaka ishirini mtu anakiuza Ulaya kama kigoda cha Ntemi wa karne ya 19, na kile halisi kinatiliwa shaka.

Basi tukabaki na nini? Tukabaki na vingi mno, na hapo ndipo furaha yangu ilipoanzia.

Bidhaa ninayoipenda kuliko zote ni bao la kitambaa. Wazee pale wanacheza isolo, mchezo wa bao wa Kisukuma, kila jioni, na watoto wa shule wakija huwa wanasimama kuwaangalia mpaka mwalimu awaite. Bao la mbao ni zito, linahitaji mti mzuri na fundi mzuri, na msafiri mwenye kilo 23 za mzigo analikwepa. Nikachora bao juu ya amerikani ya pamba: safu nne za mashimo manane, jumla 32, kila shimo ni duara la sentimita saba. Kitambaa kizima kina urefu wa sentimita 60 na upana wa 34. Kinakunjwa kama leso, kinaingia mfuko wa suruali. Rangi ni moja tu, nyeusi, kwa sababu kwenye uchapaji wa skrini kila rangi inadai fremu yake, na kila fremu inapandisha bei. Wino ni wa maji. Ukishakauka unapigwa pasi ya moto sana kwa nyuma, na hapo hautoki hata ukifuliwa kwa sabuni ya mche.

Kete zilinisumbua zaidi. Kwa kawaida watu hutumia komwe au kokoto. Komwe ni mbegu, na nchi kama Australia na New Zealand zinakagua mbegu kwa ukali sana mpakani. Zawadi ingetupwa kwenye pipa la uwanja wa ndege. Kokoto za kuokota ufukweni zingetugeuza wachimbaji wa ziwa letu wenyewe. Bibi mfinyanzi ndiye aliyesuluhisha. Alichukua donge la udongo, akavingirisha vijipira viganjani huku tunaongea, akavipanga kwenye ungo. Kete za udongo uliochomwa! Bao la Kiswahili linataka kete 64, naye anazifinyanga na binti zake, wanazichoma pamoja na vyungu vya kawaida, kwenye nafasi ambazo zingebaki wazi. Zote 64 hazifiki robo kilo. Na zikigongana zinatoa mlio mzuri sana, mlio wa jioni za kwetu.

Kwa ajili ya mtoto mwenye elfu moja kuna kadi za samaki. Hapa nitakaa kidogo, maana kadi hizi zimenifundisha kuliko nilivyotarajia.

Mtu wa mjini ukimwuliza samaki wa Ziwa Victoria atakutajia sangara, sato na dagaa, halafu ananyamaza. Sangara ni mgeni, alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Sato naye aliletwa. Ndugu yake wa asili ni ngege, ambaye sasa kumpata ni bahati. Halafu wako wengine ambao wavuvi wanawataja kama majirani: kamongo, anayevuta hewa na kuvumilia kiangazi ndani ya tope, gogogo mwenye miiba, anayelalamika akishikwa, domodomo mwenye mdomo mrefu, ningu, anayepanda mito mvua ikinyesha akatage, nembe, kambale mumi, soga. Na furu. Wataalamu wanakadiria ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na nyingi zilipungua au kutoweka kuanzia miaka ya 1980 sangara alipoongezeka. Wapo watoto wa Igombe, wamezaliwa hatua chache kutoka majini, ambao baadhi ya samaki hawa hawajawahi kuwaona.

Kila kadi ina samaki mmoja, nimemchora kwa kalamu kisha nikamtia rangi kwenye kompyuta. Nyuma kuna jina lake kwa Kiswahili, Kisukuma na Kikerewe pale tulipolipata, urefu anaofikia, chakula chake, na sentensi moja ya mvuvi. Kwa dagaa tumeandika juu ya usiku wa giza, wavuvi wanapotoka na taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola, na jinsi mbalamwezi inavyowarudisha nyumbani kupumzika. Kadi ina sentimita 9 kwa 6. Kwa kipimo hicho karatasi moja ya A3 ya gramu 300 inatoa kadi 16 na nafasi ya kukatia inabaki. Ndiyo maana seti ni ya samaki 16; hesabu ya karatasi ndiyo iliyoamua. Mtoto ananunua mmoja kwa shilingi 500. Akirudi na shule mwaka unaofuata anachukua mwingine. Au wanabadilishana kwenye basi, na tayari nimeshaona ikitokea kwa kadi za majaribio: kamongo mmoja alibadilishwa kwa furu wawili.

Kuhusu Jiwe la Bismarck nilisita. Kila nembo ya mji huu inalo, kuanzia mabasi hadi mikate. Lakini huwezi kufanya zawadi ya Mwanza bila mawe, kwa kuwa mawe haya ya matale yana umri unaofika miaka bilioni 2.5 na zaidi, na watu wamejenga nyumba zao katikati yake, Igogo, Mabatini, Isamilo. Nilichofanya ni kumwomba mvuvi anizungushe na mtumbwi, nikalichora jiwe kutoka upande wa maji. Picha karibu zote unazoziona zimepigwa kutoka nchi kavu. Ukiwa majini, mji ndio unaokuwa nyuma ya jiwe, vilima vikiwa na nyumba zilizopandana mpaka juu. Hivyo ndivyo anavyoliona mtu anayeingia Mwanza kutoka Ukerewe. Mchoro huo umekwenda kwenye fulana, maana fulana hatukuziacha kabisa, na kwenye kadi ya posta. Pimbi wa Saanane amepata stika yake. Watoto wanampenda.

Tuliangalia pia ngozi ya sangara. Watu wengi hawajui kwamba ngozi ile, inayobaki baada ya kutoa minofu, ikisindikwa vizuri inakuwa ngozi imara yenye magamba ya kupendeza, na kwamba hapa hapa tuna kampasi ya chuo cha teknolojia cha DIT inayofundisha teknolojia ya ngozi. Pochi moja ya sampuli nimeishika mkononi, ni kazi safi. Bei yake bado haijakaa sawa. Itangoja awamu nyingine.

Sasa vifungashio. Watu wanadhani kifungashio ni cha mwisho, ukishamaliza kazi unatafuta mfuko. Kwangu mimi kifungashio ndicho kinachochukua nafasi ya yule kijana anayewazungusha wageni. Ndani ya chumba cha maonyesho yupo, anaeleza, anajibu maswali. Zawadi ikishafika sebuleni kwa mtu, Mbeya au Montreal, hakuna wa kueleza isipokuwa kile kikaratasi. Kama kikaratasi kinasema "Souvenir, Tanzania" tu, tumemfukuza yule kijana kazi.

Tuanze na malighafi. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na wageni wanatangaziwa waiache uwanja wa ndege. Maduka mengi yakahamia kwenye ile mifuko mbadala inayoonekana kama kitambaa. Inaruhusiwa, na mingine ni mizuri, lakini ukiichunguza utaona ni nyuzi za plastiki zilizogandamizwa, na ikichanika inaishia mitaroni na ziwani kama ile ya zamani. Duka linalouza kadi za ningu haliwezi kutoa mfuko unaokwenda kumsonga ningu. Tukachagua vitu viwili tu: karatasi ya kaki na amerikani.

Pamba ina haki ya kuwepo hapa kuliko kitu kingine chochote. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inalimwa kanda hii. Wakulima wa Usukuma ndio waliojenga ushirika wa pamba wenye nguvu miaka ya 1950, wakaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955 wakiwa na Paul Bomani, aliyekuja kuwa waziri wa fedha wa Tanganyika huru. Tuna Barabara ya Pamba na timu ya Pamba. Kwa hiyo mfuko wa bao ni wa amerikani, unashonwa na fundi cherehani kutokana na vipande vinavyobaki baada ya kukata bao lenyewe, na kamba yake ni ya katani. Hakuna kinachotupwa mezani kwake. Fundi huyu ana maoni makali kuhusu pindo, akanibadilishia mchoro wa mdomo wa mfuko ili kamba isikatike, na alikuwa sahihi.

Karatasi ya kaki ina tabia zake, na mbunifu asiyezijua atalia. Inakunywa rangi. Buluu niliyoipenda kwenye skrini ya kompyuta, buluu ya ziwa saa nne asubuhi, ikichapwa juu ya kaki inageuka kijani cha matope, kwa sababu chini yake hakuna weupe. Nyeusi inasimama vizuri. Nyekundu nzito ya udongo inasimama. Nyeupe inawezekana kwa skrini tu, ikipitishwa mara mbili. Basi maboksi yote ni nyeusi na nyekundu, na buluu imebaki kwenye kadi za samaki, ambazo karatasi yake ni nyeupe. Wenye kikundi walitaka buluu kila mahali. Niliwawekea sampuli mbili mezani, nikanyamaza, wakachagua wenyewe.

Boksi la kibakuli cha udongo halina gundi. Linakatwa kutoka karatasi moja, linakunjwa, ulimi unaingia kwenye tundu lake. Gundi ya bei nafuu huachia mvua za Machi zikianza, na duka lipo karibu na maji, unyevu hauondoki. Kwa ndani nilitamani sana kutumia magugu maji yaliyokaushwa badala ya spongi; yametutesa ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kuna akina mama wanaoyasuka vikapu vizuri. Lakini mmea mkavu usiosindikwa ndani ya mzigo wa kwenda nje ni tatizo lile lile la komwe. Tukatumia vibanzi vya karatasi kutoka kiwandani kwa mchapaji, vile vinavyobaki akishakata, ambavyo vilikuwa vinachomwa moto. Jaribio lilikuwa la kienyeji: boksi lilifungwa nyuma ya bodaboda, likapita barabara mbovu kutoka Igoma, likapandishwa chini ya basi la Dar es Salaam, likarudi. Kibakuli kilifika kizima.

Dagaa wa kukaanga tumewaweka kando kwa sasa. Chakula kina njia yake, kinataka alama ya TBS, kinataka pakiti maalumu inayozuia hewa, na harufu ya dagaa ikipenya kwenye sanduku la nguo hakuna atakayetusamehe. Tutafika.

Maneno ya lebo niliyaandika mara nyingi kuliko nilivyochora. Nilijiwekea sharti kwamba mtu ayamalize akiwa amesimama. Ya bao yanasomeka hivi:

"Bao hili limechapwa kwa mkono juu ya amerikani ya pamba. Kete zake 64 zimefinyangwa na kuchomwa na wafinyanzi wa kando ya Ziwa Victoria, Mwanza. Linachezwa na watu wawili. Kaa na mwenzako, tandika, cheza."

Chini yake kuna jina la aliyetengeneza. Hapa ilizuka mazungumzo mazuri. Nilidhani kila mtu angependa jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Bibi mfinyanzi alikataa. Alitaka aandikwe kwa jina la uzazi, mama wa fulani, kama anavyoitwa kijijini, kwa sababu hilo ndilo jina ambalo mtu akifika pale akiuliza ataelekezwa nyumbani kwake. Mabinti zake wakachagua majina yao ya ubatizo. Kila mmoja ameandikwa anavyotaka.

Jina bila malipo ni pambo. Kamati ilikuwa na mpango wa mali kauli: fundi alete kazi, ikinunuliwa alipwe. Nililipinga hili kwa nguvu zangu zote. Mfinyanzi ananunua kuni leo, ada ya mtoto inadaiwa leo, hawezi kulikopesha duka. Tumekubaliana fundi analipwa siku anapoleta, duka ndilo linabeba hatari ya kitu kukaa rafuni. Hii inalazimisha oda ziwe ndogo, na ni vizuri ziwe ndogo. Kikundi kikiona seti ya bao inatoka kinaongeza. Kikiona kitu hakitoki kinaacha, na hakuna fundi aliyebaki na mzigo nyumbani.

Watu wananiuliza kuhusu msimbo wa mistari. Wengi wanaamini namba zikianza na 620 basi bidhaa imetengenezwa Tanzania. Sivyo. 620 inaonyesha kwamba kampuni ilisajili namba zake GS1 Tanzania, shirika linalotoa misimbo hiyo, basi. Kitu chenyewe kinaweza kuwa kimetoka popote. Kwa hiyo tumeandika waziwazi, kwa herufi zinazosomeka, "Imetengenezwa Mwanza", na msimbo tumeuweka chini ya boksi. Nembo inasajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, michoro yangu kwa ofisi ya hakimiliki, COSOTA. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa pia sanaa za jadi zenyewe, na kila mbunifu anayechukua ngoma au urembo wa kabila na kuuweka kwenye fulana ya biashara angepaswa kuisoma sehemu hiyo kabla ya kufungua kompyuta.

Mzigo wa kwanza wa mabao uko kwa fundi sasa, kadi zimeshakatwa. Kilichobaki kwangu ni seti ya pili, ya visiwani: Ukerewe na Ukara, na jiwe lao linalocheza. Majina ya Kikerewe tuliyo nayo hayatoshi, ya Kijita ni machache zaidi, na kwenye furu tumeandika jina moja tu wakati najua wavuvi wa zamani waliwatofautisha kwa rangi na kwa mahali wanapokaa. Kama una babu au bibi Nansio, Bwisya, Majita au Musoma anayekumbuka, kaa naye umwandikie, kisha uniletee hapa kwenye maoni, jina lake litaandikwa nyuma ya kadi. Bei ya kadi ni shilingi 500, na kamati imeshasaini kwamba haitapanda kwa wanafunzi.